Barua ya Karani wa Parokia: Dundu na Mistari Mitatu



Katika barua zangu mbili zilizopita nilieleza habari za vyeti vya ubatizo, na namna ya kuvitunza visiliwe na mchwa. Leo naviacha vyeti kabatini. Nataka tuzungumze juu ya mchezo, tena mchezo wa watoto. Lakini enyi wazee, msigeuze ukurasa upesi, kwa maana katika mchezo huu aliyefundishwa ni mimi karani wenu, na aliyenifundisha ni mchunga ng'ombe wa miaka 11.

Mchezo wenyewe ni wa kutunga mashairi mafupi sana. Watu wa Japani huliita shairi la namna hii haiku. Lina mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza una mizani 5, wa pili mizani 7, na wa tatu mizani 5 tena. Jumla yake ni 17. Ndani ya mizani hizo chache mtunzi hutia kitu kimoja alichokiona kwa macho yake: chura, jani, mvua, mwezi. Hahubiri, wala haelezi mno, wala hasemi, "Lo, uzuri ulioje!" Hukionyesha kitu, kisha hunyamaza.

Hebu sikilizeni moja, iliyotungwa na msichana wa darasa la tano hapa kwetu:

Mvua ya kwanza,
kumbikumbi waruka,
kuku wacheka.

Basi, imekwisha. Kila aliyekulia kijijini anajua jambo hilo. Mvua zikianza baada ya ukame, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Watoto hukimbia na mabakuli, na kuku nao hukimbia pasipo bakuli. Lakini lile neno "wacheka" ndilo lililonikamata. Nimeishi na kuku maisha yangu yote, nisijue kwamba hucheka. Sasa kila niwaonapo siku ya kumbikumbi, naona kweli wanacheka.

Labda msomaji atauliza: Mambo ya Japani yatuhusu nini sisi watu wa Tarime na Serengeti? Swali hilo ni la haki, nami nina majibu matatu.

Jibu la kwanza ni la masikio. Kijapani, kama Kiswahili, kina silabi nyepesi: konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kama mtu apigaye hatua njiani. Na kama vile sisi tuihesabuvyo "m" ya "mtoto" kuwa mizani moja kamili, ingawa haina irabu, vivyo hivyo Wajapani huihesabu "n" ifungayo neno. Jina la nchi yao ni Nihon. Sikio la mgeni husikia mizani mbili. Wao huhesabu tatu, ni-ho-n. Watunzi wengi wa Kiingereza waliojaribu haiku wameiacha ile hesabu ya 17, kwa sababu silabi za lugha yao ni nzito na ndefu. Sisi hatuna taabu hiyo. Mtoto wetu ahesabu kwa vidole tu: mkono mmoja, kisha mkono na vidole viwili, kisha mkono mmoja tena.

Jibu la pili ni kwamba kuhesabu mizani si jambo geni kwetu. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika kila mstari, nane na nane. Na kipande cha utenzi kina 8. Mwana wa mkoa wetu wenyewe, Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, alifasiri tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963 akiwa Rais. Tena alizitia Enjili katika utenzi, nazo zikachapishwa mwaka 1996. Ikiwa mtu aliyebeba nchi nzima mabegani aliona yafaa kuketi na kuhesabu mizani, mimi na wewe tuna udhuru gani?

Jibu la tatu: haiku ni binamu wa kitendawili. Vyote viwili ni vifupi, vyote huanza kwa kutazama, na vyote humwachia msikilizaji kazi ya kumalizia. Tofauti ni kwamba kitendawili hutegwa ili kifumbuliwe, na haiku huwekwa mbele yako kama embe bivu juu ya sahani. Ule, usile, ni shauri lako.

Sasa niseme kidogo juu ya wenye mashairi hayo. Zamani haiku haikusimama peke yake; ilikuwa ni fungu la mwanzo la shairi refu ambalo watu kadhaa walitunga kwa kupokezana. Bashō, aliyezaliwa mwaka 1644 na kufa 1694, ndiye aliyelipa fungu hilo heshima kubwa. Shairi lake mashuhuri kuliko yote, la mwaka 1686, ni habari ya chura arukaye katika bwawa la zamani. Chura tu! Na mpaka leo watu wa dunia nzima wanamzungumza chura huyo. Jina hili la haiku lilienezwa baadaye na Shiki, aliyeishi toka mwaka 1867 mpaka 1902.

Lakini wa kuwafaa watoto zaidi ni Issa. Alizaliwa mwaka 1763, mwana wa mkulima. Mama yake alifariki Issa akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa na mama wa kambo ambaye hawakupatana, kisha akapelekwa mbali mjini kutafuta riziki angali kijana. Alipooa uzeeni, watoto wake walikufa mmoja baada ya mwingine. Binti yake mpendwa aliitwa Sato, naye alichukuliwa na ndui mwaka 1819. Mtu wa namna hii, mngesema, ataandika vilio tupu. Walakini aliacha haiku zaidi ya 20,000, na nyingi katika hizo ni za nzi, chura, konokono, shomoro na viroboto, akisema nao kama mtu asemavyo na wadogo zake. Basi tusiseme upesi kwamba mchezo ni kwa wasio na shida. Issa alikuwa na shida za kutosha, na mchezo ulimsaidia kusimama.

Habari hizi nilizipata chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu, ingawa baadaye nilipewa kalamu ya ofisi badala ya chaki. Zilikaa kichwani mwangu miaka mingi bila kazi. Ndipo Paroko akaniomba niwaangalie watoto siku za Jumamosi baada ya mafundisho, wasiwe wanarusha mawe juu ya bati la kanisa. Nikaona, hii ndiyo nafasi.

Jumamosi ya kwanza tuliketi watoto 14 na mimi chini ya mti ulio kando ya kanisa. Nikawaeleza mizani, wakaelewa upesi kuliko nilivyotazamia. Nikawaambia, "Haya, tungeni." Wakatunga. Mmoja alileta simba. Wa pili alileta theluji ya mlima Kilimanjaro. Wa tatu alileta mawimbi ya bahari. Nikauliza, "Nani ameiona bahari?" Kimya. "Nani ameona theluji?" Kimya. Hata simba, ingawa Hifadhi ya Serengeti ni jirani yetu, wengi wao walimjua kwa picha ya kitabu tu.

Hapo nikaweka sheria moja: uandike kile ulichokiona wewe mwenyewe tangu jana. Kama hukuona kitu, ondoka hapa, kaone, urudi.

Walinung'unika, lakini walikwenda. Na juma lililofuata tulikuwa na mavuno. Msichana mmoja hakumtaja mnyama wake kwa jina, akatuachia tumfumbue:

Jicho la mbele,
jicho lingine nyuma.
Nani amwita?

Wote walipiga kelele, "Kinyonga!" Na ni kweli, kwa maana macho ya kinyonga huzunguka kila moja kwa njia yake, moja laweza kutazama tawi la mbele na huku jingine latazama nyuma. Mvulana mwingine alikaa sana chini ya miti penye ndege wasukao viota vya kuning'inia, akaja na hii:

Kiota juu,
mlango uko chini.
Hodi, mnana!

Na mmoja, ambaye nyumbani kwao hulala mapema kwa kuogopa giza, alituletea hii:

Kimulimuli
kazima taa yake.
Aficha nini?

Kulikuwa pia na msichana ambaye kwao ni ng'ambo ya mto, upande wa wilaya ya Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi. Mnajua kwamba mto Mara watoka milima ya Mau katika Kenya, hupita katika mbuga, kisha hutenganisha Tarime na Serengeti, mwisho humwagika katika Ziwa Viktoria. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu huuvuka mto huo huko mbugani. Idadi yao yazidi milioni moja, wakifuata mvua na majani mabichi, na punda milia wengi pamoja nao. Yeye alikwisha kuwaona kwa mbali akiwa na mjomba wake. Nilimruhusu avunje sheria ya "tangu jana," na alichotunga ni hiki:

Nyumbu na nyumbu.
Mto unauliza:
Bado wangapi?

Wajapani wana desturi ya kutia katika haiku neno moja lionyeshalo majira ya mwaka. Kwao ni maua ya mcheri au theluji. Huko Nairobi, katika miaka ya 2000, wapenzi wa mashairi haya waliunda vyama vya haiku, wakaanza kukusanya maneno ya majira ya Kenya. Sisi hatukukusanya kwa makusudi, lakini tazameni: asemaye "kumbikumbi" amesema mvua zimeanza, na asemaye nyumbu wanavuka mto amesema kiangazi cha katikati ya mwaka kimefika. Watoto walikuwa wametia majira bila kuambiwa.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Miongoni mwa wale 14 alikuwako mvulana mmoja mchunga ng'ombe. Jina lake sitalitaja. Nyumbani kwao husemwa Kikurya tupu, na Kiswahili chake kilikuwa kizito, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Shuleni alikuwa wa mwisho au karibu na mwisho. Baba yake alikwisha kuniambia wazi, "Huyu kichwa chake ni kigumu. Heri ng'ombe." Katika Jumamosi mbili hakusema neno. Ya tatu akaja na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameishika kama mtu ashikaye yai. Akaisoma polepole:

"Dundu anarudi nyuma nyuma na mpira wake unaenda mbele na miguu iko juu."

Dundu mnamjua: yule mdudu mweusi afanyaye donge la mavi ya ng'ombe na kuliviringisha njiani. Nikahesabu. Mizani 30. Nami, ndugu zangu, ni karani. Kazi yangu ya kila siku ni kujaza nafasi za daftari: jina hapa, tarehe pale, mdhamini hapa. Kinachozidi nafasi hukatwa. Basi nikachukua kalamu, nikamwambia, "Vizuri sana, lakini ni ndefu. Hebu tuitengeneze." Nikaandika ubaoni:

Dundu hodari
asukuma mpira
kwa kichwa chake.

Tano, saba, tano. Watoto wakapiga makofi. Mimi nami nilijipigia makofi moyoni. Yule mvulana akautazama ubao kwa muda, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, si hivyo." Nikamjibu, "Ni hivyo hivyo, sema sasa imepata mizani." Akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikamwuliza mwenzake, "Je, fulani ni mgonjwa?" Mtoto akaangalia chini. Nikamsihi. Ndipo akasema, "Haumwi, Mwalimu. Anasema karani anajua kuandika, lakini hajui dundu."

Neno hilo lilinikaa kooni siku mbili. Siku ya tatu nikafunga ofisi mapema, nikamfuata malishoni. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, fimbo magotini. Aliniamkia kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Nikamwambia, "Nimekuja unionyeshe." Hakuuliza nimwonyeshe nini. Alishuka, akapita kati ya ng'ombe, akainama penye mavi mabichi, akaniashiria. Nikapiga magoti katika majani pamoja na suruali yangu ya ofisini.

Dundu alikuwa kazini. Donge lake lilikuwa kubwa kumpita yeye mwenyewe. Na kichwa chake, ndugu wasomaji, hakikuligusa donge hata kidogo. Kichwa kilikuwa chini, karibu na udongo. Miguu ya mbele ilikanyaga ardhi, na miguu ya nyuma ilikuwa juu ya donge, ikilisukuma. Alikwenda kinyumenyume, kama mtoto atembeaye kwa mikono. Yote ambayo mvulana aliandika katika mizani 30 yalikuwa kweli. Yote niliyoandika mimi katika mizani 17 yalikuwa sawasawa kwa hesabu, na uwongo kwa dundu.

Tulimtazama muda mrefu. Mvulana alinieleza kwamba dundu hulizika donge lake, na kwamba mwingine mvivu huweza kuja kulinyang'anya. Nami, ili nisionekane sina kitu kabisa, nikamweleza niliyosoma: kwamba mwaka 2013 wataalamu wa Uswidi na Afrika Kusini walithibitisha kuwa dundu wa huko wanaotembea usiku huongozwa na ule mkanda mweupe wa nyota upitao katikati ya mbingu. Ili kujua hayo, waliwavisha dundu vikofia vidogo vya karatasi ngumu wasione juu. Nao wakapotea njia, wakawa wanazunguka ovyo. Mvulana alipokwisha kusikia habari ya dundu kuvaa kofia, alicheka mpaka ng'ombe mmoja akageuka kututazama. Basi nikajua nimesamehewa nusu.

Nusu ya pili niliitafuta Jumamosi. Mbele ya watoto wote nilisema, "Nilikosa. Nilimsahihisha mwenzenu kitu nisichokiona. Yeye alisema kweli." Msidhani ni jambo jepesi. Mtu mzima huona haya kumwomba msamaha mtoto, kana kwamba heshima yake itamwagika kama maji. Mimi nilihisi hivyo, lakini haikumwagika. Watoto walinitazama kwa namna nyingine, wala si ya dharau.

Kisha nikampa chaki yule mvulana, nikamwambia, "Sasa punguza mwenyewe. Lakini usiache lililo kweli." Alihesabu kwa vidole, akafuta, akahesabu tena. Alikaa muda wa kusali Rozari nzima. Mwisho aliandika hivi:

Miguu juu,
dundu arudi nyuma,
mpira mbele.

Safari hii sikupiga makofi ya kwanza. Nilingoja watoto waanze wao, na walianza bila kungoja.

Nataka mwelewe kwa nini nayaandika haya. Kiswahili cha mvulana yule kisingeweza kubeba insha ya kurasa mbili. Kwa miaka mitano alipewa kazi kubwa kuliko maneno aliyokuwa nayo, akaonekana hana akili. Mistari mitatu ilikuwa mzigo unaolingana na mabega yake. Kumbe kichwani mwake mlikuwa na mambo mengi kuliko ya karani. Kilichokosekana ni mlango mdogo wa kuyatolea. Na mlango ulipofunguka, mimi ndimi niliyeufunga, kwa kupenda hesabu kuliko kweli.

Baada ya mwezi mmoja baba yake alikuja ofisini kwangu kwa ajili ya cheti cha mtoto mdogo. Nikamsomea ile haiku ya dundu. Alinyamaza, kisha akasema, "Ndivyo. Hata mimi nilipokuwa mtoto malishoni nilimwona hivyo." Akaniita "mura," kama wazee wa Kikurya wamwitavyo kijana, akauliza, "Mura, karatasi hiyo yaweza kuchukua na langu?" Mzee huyu hajui kusoma. Alisema neno lake kwa Kikurya, taratibu. Mwanawe, aliyesimama mlangoni, akaligeuza kwa Kiswahili huku akihesabu vidole nyuma ya mgongo. Niliandika kama nilivyoambiwa, wala sikusahihisha hata herufi moja:

Ng'ombe wanusa
upepo wa ziwani.
Funga mlango.

Alama ya kidole aliyoitia katika daftari la ubatizo siku ile imekwisha kukauka zamani. Karatasi ya shairi aliichukua nyumbani, ingawa hawezi kuisoma. Mtoto husoma, baba husikiliza.

Sitawadanganya kwamba mvulana sasa ni wa kwanza darasani. Katika hesabu angali nyuma. Lakini Jumamosi ndugu yake mkubwa humpokea ng'ombe ili aje, na agizo hilo limetoka kwa baba.

Basi, enyi wazazi, mchezo huu mwaweza kuufanya nyumbani jioni, chakula kikiwa jikoni. Hauhitaji fedha. Karatasi ikikosekana, vumbi la uani latosha na kijiti. Mambo ya kushika ni machache. Kwanza, mtoto atoke nje aone, ndipo atunge. Pili, atunge alichokiona tangu jana, hata kikiwa kidogo kama siafu. Tatu, ahesabu kwa vidole: tano, saba, tano, na akipenda afiche jina la kitu ili wengine wafumbue. Nne, mzazi naye atunge yake, maana mtoto hapendi mchezo wa kutazamwa peke yake. Na la tano, ambalo mimi nililipia kwa aibu: mizani ikipungua au ikizidi, ngoja, lakini kabla hujamsahihisha mtoto neno lolote, mwulize alikiona wapi, na ikiwezekana mfuate ukakione.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye habari za vyeti. Mpaka hapo, niamini mimi karani wenu, ambaye sasa namjua dundu kidogo.